Frere: Jina lililobaki Kisauni, damu iliyomwagika Zululand

ABIRIA anayevuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa hana haja ya kuambiwa kwamba amefika Kengeleni. Makanga humkumbusha. Hapo njia zinapogawanyika, moja ikielekea Nyali na nyingine ikishika upande wa Kisauni na Bamburi, umesimama mnara mdogo wa kengele ambao wengi huupita bila kuutupia jicho. Kengele hiyo ndiyo iliyopapa mahali hapo jina. Ilipigwa na watu waliokuwa wametolewa utumwani, kuwaita wenzao kazini na kanisani, na kuwatahadharisha kila ilipohofiwa kwamba wamiliki wa watumwa wanakuja kuwashambulia.

Mtaa wao uliitwa Freretown, na ungali unaitwa hivyo. Jina hilo ni la Sir Henry Bartle Edward Frere, Mwingereza ambaye hakuwahi kuishi hapo hata mwezi mmoja. Katika pwani ya Afrika Mashariki anakumbukwa kama mjumbe aliyekuja kulifunga soko la watumwa la Unguja. Huko Afrika Kusini, wazao wa Wazulu humkumbuka kama gavana aliyewaletea vita bila ya wao kuvichokoza. Mwaka 1873 haukuwa mbali na mwaka 1879, na mtu aliyefanya mambo hayo mawili alikuwa yule yule, mwenye tabia zile zile.

Frere alizaliwa tarehe 29 Machi 1815 huko Clydach, nchini Wales, katika familia yenye watoto wengi. Alisomea mjini Bath, kisha akajiunga na chuo cha Haileybury, ambako Kampuni ya Mashariki ya India ilikuwa ikiwaandaa vijana wa kwenda kuitawala Bara Hindi kwa niaba yake. Alipohitimu mwaka 1834 aliomba ruhusa ya kusafiri kwa njia ambayo wachache waliithubutu zama hizo. Badala ya kuizunguka Afrika nzima kwa merikebu, alipitia Malta, ambako alikaa na ami yake na kujifunza Kiarabu, kisha akakatiza nchi ya Misri na kuvuka Bahari ya Shamu kwa chombo kidogo kisicho na sitaha. Aliwasili Bombay mwezi Septemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 19.

Alipanda cheo upesi. Alianza kama msaidizi wa mtoza kodi mjini Poona, akawa katibu wa Gavana wa Bombay, Sir George Arthur, na mwaka 1844 akamwoa Catherine, binti wa gavana huyo. Miaka miwili baadaye alipelekwa kuwa mwakilishi wa Waingereza katika ufalme mdogo wa Satara. Mfalme alipofariki mwaka 1848 bila mtoto wa kumzaa, Waingereza waliamua kuunyakua ufalme wake. Frere alipinga uamuzi huo kwa maandishi. Wakubwa wake walipokataa kumsikiliza, alikubali kuwa kamishna wa nchi ile ile aliyokuwa ameitetea, akaitawala kwa bidii. Hapo alionyesha kwamba angeweza kushindwa katika hoja na bado akafurahia madaraka.

Kuanzia mwaka 1851 alikuwa mtawala wa Sind, ambayo sasa ni sehemu ya Pakistan. Huko alichimbisha mifereji, akajenga barabara na kuiendeleza bandari ya Karachi. Mwaka 1852 alitoa stempu za posta za Sind, ambazo ndizo zilizokuwa za kwanza katika bara zima la Asia. Askari wa Kihindi walipoasi mwaka 1857, Frere hakungoja kuagizwa. Alituma karibu wanajeshi wote Wazungu aliokuwa nao wakaokoe majimbo jirani, huku jimbo lake mwenyewe likibaki na walinzi wachache tu. Hatua hiyo ilifanikiwa, naye akasifiwa bungeni Uingereza na kupewa cheo cha Sir. Kuanzia hapo alijengeka imani kwamba mtu aliye mahali pa tukio ana haki ya kutenda kwanza na kuiarifu serikali baadaye.

Mwaka 1862 aliteuliwa kuwa Gavana wa Bombay. Mji huo wa ghuba ulikuwa umebanwa ndani ya kuta za ngome kuukuu, na Frere aliamuru kuta hizo zibomolewe ili mji upate kupumua na vitongoji vyake vipanuke. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani vilikuwa vimeikata pamba ya nchi hiyo isifike Ulaya, na Bombay ikatajirika kwa kuuza ya kwake. Fedha zilimwagika, kila mwenye akiba akanunua hisa za makampuni ambayo mengi hayakuwa na chochote isipokuwa jina. Vita vilipokwisha mwaka 1865 bei ya pamba iliporomoka, matajiri wakawa mafukara na benki ya Bombay ikafilisika. Frere alilaumiwa kwamba hakuisimamia benki hiyo ipasavyo, na lawama hiyo ilimfuata hata alipostaafu utumishi wa India mwaka 1867. Jambo la kupendeza zaidi kuhusu miaka hiyo lilitoka kwa bintiye, Mary, aliyekusanya ngano za Kusini mwa India alizosimuliwa na yaya wao na kuzichapisha mwaka 1868. Kitabu hicho kingali kinasomwa, na pengine kina wasomaji wengi kuliko ripoti zote za baba yake.

Bombay ndiko Frere alikokutana na Waafrika ambao baadaye wangekuwa uti wa mgongo wa Freretown. Manowari za Uingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, na watoto wengi waliookolewa walipelekwa Bombay. Karibu na mji wa Nasik palikuwa na kituo kilichoitwa Sharanpur, cha wamishonari wa Church Missionary Society (CMS), kilichosimamiwa na Kasisi William Salter Price. Watoto hao walifunzwa humo kusoma, useremala, uhunzi na uashi. Walizaliwa Wayao, Wamakua na Wanyasa, wakakulia India, wakapewa majina ya Kiingereza na kuzungumza Kihindustani.

Mwaka 1864 baadhi yao, wakiwemo William Jones na Ishmael Semler, walirejeshwa Afrika kumsaidia mmishonari Johannes Rebmann kule Rabai. Mwaka uliofuata David Livingstone alikuwa mgeni wa Gavana Frere mjini Bombay akijiandaa kwa safari yake ya mwisho. Alichukua vijana wengine wa Nasik kufuatana naye, na Frere akamkabidhi meli iliyoitwa Thule aipeleke Unguja kama zawadi kwa Sultani Majid. Hivyo, miaka saba kabla ya kuwekwa kwenye mkono wa lawama na sifa za Afrika Mashariki, Frere alikuwa tayari amejiingiza katika mambo yake.

Habari za Livingstone ndizo zilizomleta mwenyewe. Mwaka 1872 Stanley alirudi Uingereza na barua za mzee huyo zilizoeleza jinsi wanawake na watoto walivyouawa sokoni Nyangwe, kwenye mto Lualaba, na wafanyabiashara wa watumwa. Umma wa Uingereza ulighadhibika. Serikali ikatafuta mtu mwenye jina kubwa wa kumtuma kwa Sultani Barghash bin Said, na Frere, ambaye alikuwa ametumia mwaka huo kupaza sauti dhidi ya biashara hiyo, akakubali.

Aliwasili Unguja mwezi Januari 1873 na kundi la maafisa na manowari kadhaa nyuma yake. Barghash hakuwa mtu wa kutishika kwa urahisi, na wala hakuwa na njia rahisi ya kukubali. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikali kilikuwa kimeipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuzamisha meli zake. Sultani alieleza kwamba mashamba yaliyoharibiwa hayangeweza kupandwa upya bila watumwa, na kwamba mwarabu yeyote mwenye shamba angempindua kama angetia sahihi. Ni lazima ikubaliwe kwamba Barghash alisema kweli kuhusu hali yake, ingawa ukweli huo haukuwa na faida yoyote kwa mateka waliokuwa wakipangwa safu sokoni Mkunazini kila jioni.

Sultani alikataa. Frere alisafiri kando ya pwani, akizikagua bandari na kuwahoji wafanyabiashara wa Kihindi ambao fedha zao ndizo zilizoendesha misafara ya bara. Alifika Mombasa. Bagamoyo alivutiwa mno na kijiji cha mapadri wa Kifaransa, ambako waliookolewa utumwani walilima, wakaoana na kusomesha watoto wao. Upande wa CMS, aliona kinyume chake. Rebmann alikuwa amekaa Rabai zaidi ya miaka 25, macho yake yalikuwa yakififia, na waumini wake walihesabika kwa vidole. Frere aliandika kwamba pwani hii ilihitaji makao makubwa ya watu walioachiliwa huru, na kwamba Mombasa ingefaa.

Kabla ya kuondoka katika maji ya Unguja, alifanya jambo lililowashtua hata mawaziri wa London. Bila ya kibali chao, aliwaagiza makamanda wa majini kuzuia watumwa wasipitishwe kabisa katika forodha ya Unguja, ingawa mikataba ya awali iliruhusu usafirishaji huo ndani ya milki ya Sultani. Wanasheria wa serikali waliona kwamba amri kama hiyo ilikaribia kuwa tangazo la vita. Lakini simu ya upepo ilikuwa bado haijafika Unguja, na amri ilikuwa imekwisha kutolewa. Baraza la mawaziri lilikuwa na uchaguzi wa kumkana au kumfuata, nalo likamfuata. Frere aliendelea hadi Muscat, ambako Sultani Turki alitia sahihi mkataba kama huo mwezi Aprili.

Mapema mwezi Juni balozi mdogo John Kirk alipokea maagizo ya kumweleza Barghash kwamba asipokubali, kisiwa chake kitazingirwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani alitia sahihi. Soko la watumwa likafungwa siku hiyo hiyo, na mwisho wa mwaka huo jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana likawekwa papo hapo.

Mkataba huo ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari na kuwauza sokoni. Haukuufuta utumwa wenyewe. Aliyekuwa mtumwa wa shamba Malindi, Takaungu au Mombasa alilala mtumwa tarehe 4 Juni na kuamka mtumwa tarehe 6. Kisheria, hali hiyo ilidumu Unguja hadi mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Pengo hilo ndilo lililoifanya Freretown kuwa mahali pa hatari tangu siku iliyozaliwa.

CMS waliposoma mapendekezo ya Frere walimchagua Salter Price, mtu wa Sharanpur, kuyatekeleza. Price alifika Mombasa mwezi Novemba 1874. Alinunua ardhi ya bara huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, mahali panapotazamana na mji wa kale na kutenganishwa nao na mkono wa bahari tu. Siku hizo hapakuwa na daraja, na watu walivuka kwa mashua. Daraja la kuelea lilijengwa mwaka 1931, na hili la sasa likafunguliwa mwaka 1980. Makao mapya yakapewa jina la Frere. Kuanzia mwaka 1875 manowari zilianza kuteremsha hapo watu waliotolewa katika majahazi, wengi wao watoto, wengi wao wagonjwa, karibu wote wakiwa hawajui lugha ya waliowapokea.

Waliowapokea walikuwa wale Waafrika wa Bombay. Walikuja na wake zao, na mashati yao, na Kiingereza chao. Walikuwa walimu, maseremala, wahunzi, manahodha wa mashua na wakalimani. Baadhi yao waliwatazama wageni kwa dharau, kama watu wa porini, wakisahau kwamba wao wenyewe waliteremshwa uchi vile vile katika bandari ya Bombay. Muda si muda, hata hivyo, waliooana waligawiwa viwanja vya kujenga na kulima, nyumba za udongo zilizopakwa chokaa zikapangika kwa mistari, mihogo na mahindi vikapandwa, shule ikafunguliwa. Kengele iliigawa siku: ya kuamka, ya kazi, ya sala. Myao aliyemwoa Mmakua hakuwa na lugha ya kuzungumza na mkewe isipokuwa Kiswahili, na watoto wao hawakujua nyingine. Watu wa Mombasa waliwaita wamisheni, na jina hilo halikukusudiwa kuwa la heshima.

Huu ulikuwa uhuru wenye mipaka. Wasimamizi Wazungu walikuwa ndio mahakimu, polisi na waajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi mmoja alishutumiwa kwa kuwachapa wakazi viboko na kuwafungia, na kashfa hiyo ikafika London, hata Price akalazimika kurudi kutuliza mambo. Kwa upande wa pili wa maji walikuwapo mabwana wenye mashamba, ambao watumwa wao walikuwa wakitoroka usiku na kukimbilia misheni. Mwaka 1880 hasira zao zilipanda kiasi kwamba Freretown ilitarajia kushambuliwa. Kengele ya mnara wa Kisauni haikuwa pambo.

Frere hakuyaona hayo. Aliporudi Uingereza alichaguliwa rais wa Shirika la Kifalme la Jiografia, na Livingstone alipozikwa katika kanisa la Westminster mwezi Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa wakuu wa shughuli hiyo. Mmoja wa waliolibeba jeneza alikuwa Jacob Wainwright, kijana wa Nasik. Mwaka 1875 Frere alifuatana na Mwanamfalme wa Wales katika ziara ya India. Alikuwa na umri wa miaka 60, mwenye sifa, mtulivu, mwenye adabu iliyowavutia hata mahasimu wake. Lau angestaafu hapo, pengine jina lake lingetajwa kwa wema tu.

Hakustaafu. Mwaka 1877 alipelekwa Cape Town kuwa gavana na Kamishna Mkuu wa Afrika Kusini, na kazi ya kuyaunganisha makoloni ya Waingereza, jamhuri za Makaburu na nchi za Waafrika chini ya bendera moja. Alikuta vita na Waxhosa mpakani. Kisha akalitazama taifa la Wazulu, lenye jeshi la makumi ya maelfu chini ya Mfalme Cetshwayo, na akaamua kwamba muungano aliotumwa kuuleta haungewezekana maadamu jeshi hilo lipo.

Ushahidi haukuwa upande wake. Tume ya Waingereza wenyewe iliyochunguza mgogoro wa mpaka kati ya Wazulu na Makaburu iliona mwaka 1878 kwamba sehemu kubwa ya ardhi iliyogombewa ilikuwa ya Wazulu. Cetshwayo alikuwa amekaa kwa amani na koloni jirani la Natal kwa miaka mingi, na London iliandika bayana kwamba haikutaka vita vingine wakati ikiwa na vya Afghanistan. Lakini barua kati ya Cape Town na London zilichukua majuma kadhaa. Simu ya chini ya bahari, iliyopitia Aden na Unguja, ilifika Durban mwishoni mwa mwaka 1879, na kufikia hapo yote yalikuwa yamekwisha.

Tarehe 11 Desemba 1878, kwenye kingo za mto Tugela, wajumbe wa Cetshwayo walisomewa uamuzi wa mpaka uliowapa haki yao. Baadaye siku ile ile wakasomewa makataa ya Frere. Mfalme alipewa siku 30 kuuvunja mfumo mzima wa jeshi lake, ambao ndio uliokuwa mfumo wa kuoa, kulima na kutawala wa taifa lake. Hakuna mfalme ambaye angeweza kukubali na kubaki mfalme, na Frere alilijua hilo. Ilikuwa ni mbinu ile ile ya forodha ya Unguja: tenda kwanza, serikali itafuata. Tofauti ni kwamba Unguja aliwakabili wafanyabiashara wa watu, na huku alikuwa akikabili watu waliokuwa kwao.

Majeshi ya Uingereza yalivuka mpaka tarehe 11 Januari 1879. Siku 11 baadaye, chini ya mlima Isandlwana, Wazulu waliizingira kambi yao na kuua zaidi ya watu 1,300, Waingereza pamoja na Waafrika waliowatumikia. Halikuwa jambo la kawaida kwa jeshi lenye bunduki za kisasa kushindwa na watu wenye mikuki, na Uingereza ilipigwa na butwaa. Wazulu walipoteza maelfu ya vijana katika miezi iliyofuata. Ulundi, makao ya mfalme, yalichomwa moto tarehe 4 Julai, Cetshwayo akakamatwa mwezi Agosti, na nchi yake ikakatwa vipande 13 na kupewa machifu waliogeukiana kwa silaha.

Frere alikemewa na serikali yake kwa maandishi, lakini hakuondolewa mara moja. Gladstone, ambaye baraza lake lilimkingia kifua mwaka 1873, sasa alivifanya vita hivyo kuwa hoja ya kampeni dhidi ya wapinzani wake. Aliposhinda uchaguzi, Frere aliitwa nyumbani mwaka 1880. Aliyamalizia maisha yake Wimbledon akiandika utetezi baada ya utetezi, akishikilia kwamba Natal ilikuwa hatarini na kwamba historia ingemsafisha. Haielekei kwamba aliwahi kujiuliza kama wazo lililomfaa Unguja ndilo lililomponza Tugela.

Cetshwayo alipelekwa London mwaka 1882, akampa mkono Malkia Victoria, akarudishwa kwenye kipande cha nchi yake kilichokuwa kinaungua kwa vita vya ndugu, akafariki mwezi Februari 1884. Frere alimfuata tarehe 29 Mei mwaka huo huo, akazikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, London. Mwaka 1888 sanamu yake ilisimamishwa kando ya mto Thames. Karachi ina jumba lenye jina lake, na mlima mrefu kuliko yote ya Queensland, Australia, unaitwa Bartle Frere.

Huko Kisauni, walioishi chini ya jina hilo waliendelea na shughuli zao bila yeye. Mwaka 1885 William Jones aliandamana na Askofu James Hannington kuelekea Uganda, akaachwa Mumias na sehemu kubwa ya msafara. Hannington alipouawa Busoga tarehe 29 Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga, ni Jones aliyewarudisha wapagazi hadi pwani, akiwasili Rabai mwezi Februari 1886 na bendera ya maombolezo mbele yake. Jones huyo huyo, aliyekuwa mtumwa utotoni, aliwafungulia mlango watoro waliokimbilia Rabai mmoja baada ya mwingine, ilhali wakubwa wake wa misheni walikuwa wameiahidi Mombasa kwamba watoro hawatapokewa.

Mambo yalifika kileleni mwaka 1888. Wenye watumwa walidai mali yao kwa vitisho, na ikabainika kwamba misheni za pwani zilikuwa zimehifadhi watoro zaidi ya elfu moja. Safari hii halikutolewa makataa. George Mackenzie, wa kampuni ya Uingereza iliyokuwa imeanza tu kuitawala pwani, aliwalipa wamiliki dola 25 kwa kila kichwa, na tarehe 1 Januari 1889 vyeti vya uhuru vikagawiwa kwa watu zaidi ya 1,400. Kuna waliolalamika, wakati huo na baadaye, kwamba mwizi alilipwa kwa alichoiba. Aliyekishika cheti mkononi hakuwa na nafasi ya mjadala huo.

Watoto wa Freretown walitapakaa nchini kama walimu, makarani, wauguzi na makasisi. Chuo cha makasisi kilichoanzia hapo mwaka 1903 kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na sasa ni Chuo Kikuu cha St Paul's. Mwaka 1934 James Mbotela, mwana wa jamii hiyo, alichapisha kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kiswahili. Mashamba ya mihogo yalimezwa na nyumba za kupangisha, kanisa la Emmanuel likabaki, na kengele ikabaki kwenye njia panda. Wakazi wanaoteremka hapo kila jioni husema wanashuka Kengeleni. Wachache hutaja Frere.